Kalibu Ndani ya Karai

Juzi kwenye arusi moja hapa Barking, mama mmoja aliyejitanda hariri alinishika mkono, akanitazama usoni, kisha akamgeukia mwenzake wa kiti cha pili akasema, "Huyu ndiye binti wa yule mama aliyekuwa akitengeneza risasi." Alisema hivyo huku anatafuna sambusa, wala haya hana. Mamangu yuko kaburini, Mungu amrehemu, na maneno bado yanazunguka tu! Nikamjibu pale pale, tena kwa sauti: mamangu hakutengeneza risasi hata moja. Alitengeneza kalibu. Na kama hujui kalibu ni nini, uliza, usiropoke. Mume wangu akanikanyaga mguu, mimi wala sijali. Basi na wewe rafiki yangu, maana najua porojo hizo zimekufikia, kaa nikueleze ilivyokuwa.

Tulikuja London mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi bado kibogoyo wa meno ya mbele. Tulitoka Mombasa. Babangu akapata kazi ya kuendesha basi, mamangu akapata ya kupiga deki ofisi za watu kule mjini. Kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ikatupa nyumba yenye ua mwembamba nyuma, banda la mbao lililojaa buibui na viti vilivyovunjika, na jirani mzee wa Kiingereza upande wa pili wa ua. Majirani wengine walituchungulia kwa pazia. Yule mzee alitupungia mkono siku ya kwanza, akarudi kumwagilia nyanya zake.

Sasa, jambo ambalo Barking nzima haikulijua ni kwamba Mama, kabla hajashika fagio la mtu, alikuwa mkereza chuma. Kule kwetu alifanya kazi kwenye karakana moja karibu na Kilindini, mwanamke peke yake katikati ya wanaume, anasimama kwenye lethi, ile mashine inayozungusha chuma huku wembe unakichonga. Alikereza vyuma vya meli na vya malori. Alipofika hapa akaanza kubisha milango ya karakana. Wanamtazama, wanatazama baibui lake, wanatabasamu, wanasema watampigia simu. Simu hiyo hatukuisikia. Mama alikuwa akisema, "Watu wa huku wanakunyima huku wanakuchekea, hata huna pa kushika ugomvi." Akashika fagio, lakini hakulisamehe.

Jumapili moja alikuwa jikoni anapika chapati, mimi nakunja donge. Dirisha lilikuwa wazi kidogo kutoa moshi. Ghafla ikaja sauti kutoka gereji ya yule mzee: kwanza ngurumo ya chini, halafu mlio mwembamba mrefu, chuma kinachongwa. Mama akasimama na mwiko mkononi. Chapati ikaungua, moshi ukajaa, mimi nasema Mama, Mama, yeye hanisikii. Machozi yanamtiririka. Kisha akazima jiko, akavaa ndara, akatoka hadi kwenye ua, akasimama pale na unga mikononi akisikiliza. Mzee akamwona, akafungua lango la katikati. Kiingereza cha Mama wakati huo kilikuwa cha kuombea msamaha tu, lakini kwenye lethi hakuhitaji Kiingereza. Alirudi jioni mikono myeusi kwa mafuta, anacheka peke yake.

Yule mzee alikuwa ametumia maisha yake kutengeneza vifaa vya kiwanda cha magari. Alikuwa pia mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, mambo yenye vibali na masharti chungu nzima, na alikuwa na bunduki kuukuu ya babake. Taabu ya bunduki ile ni kwamba risasi zake viwanda vilikuwa vimeacha kuzitengeneza zamani. Wenye bunduki za namna hiyo hawatupi ganda la shaba baada ya kufyatua, hulijaza tena. Lakini ganda likishafyatuliwa hufura, haliingii tena kwenye bunduki. Ndipo kalibu inapotakiwa. Ni kipande cha chuma kigumu, urefu wa kidole, kimetobolewa ndani kwa umbo kamili la ganda. Unalisukuma ganda lililofura humo, linatoka limerudi umbo lake. Hiyo tu, ndugu yangu! Kalibu haina tofauti na kibao cha mbuzi cha kukunia nazi: kifaa cha kazi. Madukani kalibu za bunduki ile hazikuwapo, na mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka. Mama akamwambia, nipe mimi nijaribu.

Akamtengenezea. Wenzake wa klabu wakaiona, wakaanza kuja na bunduki zao za mababu zisizo na kalibu popote. Mzee aliposhindwa kabisa kusimama gerejini, akampa Mama ile lethi. Baba na wenzake wa msikitini waliifungua vipande vipande baada ya swala ya Ijumaa, wakaipitisha langoni huku wanaguna, wakaifunga upya ndani ya banda letu. Siku ile Baba ndiye aliyekuwa na furaha kuliko wote. Alipiga picha.

Ee, lile banda! Nikifumba macho naisikia harufu yake mpaka leo: mafuta ya mashine, mbao zilizolowa mvua, chuma chenye moto. Mama alikuwa anavua baibui, anachomeka ushungi vizuri shingoni, kisha anajifunga leso kiunoni, kibwebwe hasa, maana mashine ile ikikamata nguo inakamata na mwenye nguo. Anasema bismillahi, ndipo anabonyeza swichi. Nyuzi za chuma zilikuwa zinatoka zimejipinda, za rangi ya samawati, na mimi nilikatazwa kuzigusa kwa mkono, zinakata. Kazi yangu ilikuwa kuzifagia, na kumpa vifaa. Shuleni nilikuwa nishaanza kujibu kila kitu kwa Kiingereza, hata nyumbani, lakini ndani ya banda Mama hakukubali. "Humu tunasema Kiswahili. Nipe tupa. Nipe keekee. Kaza jiriwa." Tupa ya kusugulia, keekee ya kutobolea, jiriwa ya kubania chuma: maneno ambayo watoto wenzangu wa London hawakuyajua, mimi niliyajua nikiwa na masizi puani.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kusafisha maganda matupu aliyoletewa ya kujaribia. Kule kwetu vyombo vya shaba husuguliwa kwa ukwaju, basi na maganda yale nikayasugua kwa ukwaju ule ule wa duka la Mhindi kule Ilford. Unauloweka, unatia chumvi kidogo, unasugua kwa kitambaa, shaba inang'aa. Vidole vyangu vilikuwa vinanuka ukwaju darasani. Mwalimu aliniuliza siku moja nimekula nini, nikamwambia achari.

Na usikie vizuri hapa, maana ndipo watu wanapopotosha: baruti haikupata kuvuka ule ua. Mambo yote ya kujaza yalikuwa kwa mzee, kwenye kabati lake la chuma lenye kufuli, kwa kibali chake. Mama hakupata kushika bunduki maishani mwake. Aliwahi kualikwa klabuni akazitazame, akasema hapana asanteni, kelele zile si za kwangu.

Mwisho wa kazi, kalibu lazima ipikwe iwe ngumu. Hapo Mama alitoa lile jiko la makaa alilolibeba kutoka Mombasa, Baba akimcheka uwanja wa ndege kwamba anapeleka jiko Ulaya. Tunaliwasha uani, tunapepea hadi makaa yanakuwa meupe, chuma kinaingia, kinaiva, kinakuwa chekundu cha kuiva kweli, kisha Mama anakitoa kwa koleo na kukitumbukiza kwenye mafuta. Chwaaa! Baada ya hapo makaa hayaachwi yafe bure. Mishkaki inapangwa, mahindi yanachomwa, mzee jirani anapewa sahani yake juu ya ua. Mtaa ulidhani sisi ni watu wa kupenda nyama tu.

Mafuta yenyewe yalikuwa yapi? Hapo ndipo penye kisa. Mswahili gani anamwaga mafuta ya kukaangia? Ukishakaanga viazi karai, ukakaanga bhajia, mafuta unayachuja, unayarudisha mkebeni, siku nyingine tena. Mama alikuwa na mkebe wake chini ya sinki, mafuta yale ya kuganda, na yakishachakaa ndiyo hayo hayo aliyotumia kuzimia kalibu zake. Alikuwa na mikebe miwili, mmoja wa jikoni na mmoja wa banda, inafanana, na kila mtu nyumbani alijua upi ni upi. Isipokuwa Baba.

Ramadhani ilikuwa imeangukia kipupwe. Siku za kipupwe London ni fupi, jua linatua watoto tunatoka shule, basi kufunga kulikuwa rahisi na futari ilikuja wakati Waingereza wanakunywa chai. Siku hiyo tulikuwa na wageni. Mama alikuwa amezima kalibu mchana, akaiacha ndani ya mkebe ipoe, akakimbilia zamu yake ya usafi. Kwa baridi ile mafuta yakaganda, kalibu ikazama humo isionekane. Baba, katika kusaidia, akachukua mkebe, akalibwaga donge zima la mafuta kwenye karai. Mama akarudi mbio mbio, akawakuta wanawake washaanza, na shoga yake mkubwa, aliyekuwa hodari wa kaimati kuliko wote Barking, yuko jikoni anachota donge na kulidondosha. Kaimati zinaelea, zinapata rangi, shira iko tayari yanukia iliki. Shoga akatumbukiza kijiko cha matundu chini kabisa, akainua. "Yalaa! Kaimati gani hii ya chuma?"

Tulicheka wote! Chuma kiko kwenye kijiko, kimepakaa unga, kinachuruzika mafuta. Mama angesema ni kipande cha mashine, yakaisha. Lakini Baba alikuwa anajivuna kwa mkewe siku zote, na wageni wamekaa, na yeye akatoka sebuleni, akakichukua kwa kitambaa, akakiinua watu wakione. "Hiki ametengeneza mke wangu kwa mikono yake. Waingereza wanapanga foleni. Ni kalibu ya kutengenezea risasi!" Kicheko kikakatika. Nakumbuka mtu alikuwa ameshika tende, akairudisha sahanini. Mama akajaribu kueleza, maganda, klabu, jirani mzee, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Watu wakafuturu upesi upesi, wakaaga. Hakuna aliyekula zile kaimati.

Kabla ya wiki kwisha habari ilikuwa imezunguka Barking, na kila ilipopita iliongezwa chumvi. Mara tuna ghala la silaha, mara tunauza. Mimi watoto wenzangu wa chuo cha Kurani waliambiwa wasikae nami. Halafu polisi wakaja, wawili, mwanamume na mwanamke, wakabisha hodi kwa adabu. Tukawapeleka bandani. Mzee jirani akaja na ndara zake na kile kibali chake, akawaonyesha lethi, akawaonyesha kalibu, akawaeleza polepole. Wakatazama kila pembe, wakauliza maswali, wakasema hapa hapana kosa lolote, kipande cha chuma ni kipande cha chuma. Yule mwanamke akamsifia Mama kazi. Wakaondoka.

Ungedhani yamekwisha. Kwa Mama yalikuwa yamekwisha. Kwa Baba ndiyo kwanza yanaanza. Makaratasi yetu ya ukaazi wa kudumu yalikuwa bado hayajatoka, tulikuwa tunasubiri uamuzi, na gari la polisi limesimama mlangoni mwetu mtaa mzima ukiona. Baba hakulala vizuri tena. Kila barua ikianguka mlangoni anashtuka. Akaanza kusema lethi iondoke, alau hadi mambo yakae sawa. Mama akasema haiondoki. Baba akasema tena kwa upole, akasema kwa ukali, akasema kupitia kwangu kama mimi ni mjumbe: mwambie mamako. Mama jibu lake moja. Nyumba ikawa na baridi kuliko nje. Mimi nilikuwa namwombea Mama ashinde, sikujua hata namwombea ashinde nini, nilijua tu kwamba akiwa bandani ana uso mwingine, na mimi uso ule niliupenda.

Baba akaita wanunuzi wa vyuma chakavu Jumamosi, Mama akiwa zamuni. Nilirudi kutoka chuo nikaikuta lethi imeshatolewa, iko juu ya kigari njiani kando ya nyumba, wanaume wawili wameishika, gari lao limefunguliwa nyuma. Nikapiga kelele. Baba akaniambia niingie ndani, macho yake hayanitazami. Sikuingia. Na wakati huo huo Mama akatokea pembeni ya barabara na mfuko wake wa samaki kutoka sokoni, amevaa sare ya kazi chini ya koti.

Alisimama, akatazama. "Nani kasema itoke?"

"Mimi," Baba akasema. "Wakitunyima makaratasi kwa sababu ya chuma hiki, utaniambia nini?"

"Nitakwambia wametunyima." Akaweka mfuko chini. Hakupandisha sauti. "Nisikilize, bwana. Tangu nikanyage hapa nimekuwa mtu wa kushukuru. Nikipewa fagio nashukuru. Nikichekewa nashukuru. Nikiambiwa nitapigiwa simu nashukuru. Bandani mule peke yake ndimo nisimomshukuru mtu. Ukiitoa hii, wewe ndiwe uliyenirudisha kwetu, wala si Wizara yenye makaratasi."

Kisha akapanda kile kigari, mamangu, na sare yake, akaketi juu ya chuma baridi, akakunja mikono. "Haya. Mnipakie na mimi."

Mnunuzi mmoja akaniuliza kwa Kiingereza, anasemaje? Nikamtafsiria. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akasema yeye hapokei watu, anapokea chuma tu. Pale pale mzee jirani alikuwa amesimama kwenye ua wake. Baba akamtazama Mama. Niliuona uso wake unavyopigana, babangu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa juu yetu. Mwishowe akavua koti, akanikabidhi, akashika kigari upande wa nyuma na kuwaambia wale wanaume wamsaidie kuirudisha. Mama akasema, "Nisishuke?" Baba akasema, "Kaa." Akamsukuma na lethi yake hadi mlangoni mwa banda. Nilimpenda Mama siku ile mpaka kifua kikaniuma. Na Baba pia.

Idi ikafika, mtu haji. Mama akaamka alfajiri akakaanga kaimati, mafuta mapya kabisa, akazitia shira, akajaza sahani za nyumba zote zilizokuwa zimetukimbia. Akanituma mlango kwa mlango. "Waambie zimetoka kwa mama wa kalibu. Tamka hivyo hivyo." Nikatamka. Alijua anachofanya. Kwetu huwezi kurudisha sahani ya mtu tupu, utaonekana huna malezi. Sahani ya Mama imo ndani mwako, inakutazama, lazima uijaze na uje nayo. Wakaja, mmoja mmoja, na mikate ya sinia, na biriani, macho chini. Shoga yake akaja wa mwisho na sahani ya visheti, akasimama mlangoni akalia. Mama akamwambia, "Ingia, acha kunitilia machozi kizingitini." Lakini sikiliza, hakuomba radhi kwa lolote. Siku ya pili ya Idi tulisikia lethi inanguruma mtaa mzima.

Makaratasi yalikuja kutoka, baada ya kutusubirisha sana. Mama akaendelea kupiga deki na kuendelea kukereza, miaka mingi, hadi tukavuka tukaingia mwaka elfu mbili. Mzee jirani alifariki usingizini. Wenzake wa klabu wakawa wanapungua, wale wazee wenye bunduki za mababu zao, kila mmoja na kalibu yake iliyotoka bandani mwetu. Baba ndiye aliyekuwa akiifunika lethi blanketi wakati wa baridi, na ukimuuliza anasema chuma nacho kinahisi. Halafu macho ya Mama yakaanza kuingia ukungu. Akawa anapima kwa ukucha alichokuwa zamani akikipima kwa macho.

Banda lile halipo tena. Walioichukua nyumba wamejenga chumba pale, wanapangisha, nimechungulia nikaona kitanda na televisheni. Mtaa hauna mtu anayetengeneza kitu kwa mikono. Kila kinachoharibika kinatolewa nje kando ya pipa. Wanangu Kiswahili wanakisikia, wananijibu Kiingereza, na nikiwaambia nipeni jiriwa wananitumbulia macho. Hayo yamekwenda, na yananiuma, sitasema hayaniumi.

Lakini lethi ninajua ilivyokwenda, nilikuwapo. Mama mwenyewe alitangaza anauza. Wakaja watu, akawakataa, huyu ataigeuza pambo, yule ataivunja. Akaja msichana mmoja aliyekuwa akitengeneza injini za zamani. Mama akamfunga leso yake kiunoni, akamwambia akereze kipande, akasimama nyuma yake amefumba macho, anasikiliza tu. Ukatoka ule mlio mrefu mwembamba. "Huyu," Mama akasema. Haikutolewa na hofu ya Baba, haikutolewa na polisi, wala na midomo ya Barking. Ilitoka siku aliyosema yeye itoke, na lango alilifungua mwenyewe.